Namaliza shahada ya uhasibu CBE mwaka huu, na kilichonikuza kuliko vyote ni kujifunza kutaja bei

#1 Mwanzisha uzi

Habari za jioni wakuu.

Mahafali yanakaribia, kwenye magrupu ya darasa watu wameshaanza kuulizana habari za majoho, na mimi nimeona niweke hapa jambo ambalo limenikaa kichwani tangu tumalize mitihani ya semista ya mwisho. Nimesoma CBE (Chuo cha Elimu ya Biashara) kampasi ya Dar, shahada ya uhasibu, niliingia mwishoni mwa 2022. Nyuzi za "chuo kimenipa nini" humu ni nyingi na karibu zote zinaishia kwenye ajira. Ajira naitafuta kama wengine, lakini uzi huu ni wa kitu kingine. Nimetoka chuoni nikiwa mtu anayeweza kukaa na mwenzake ana kwa ana, wakazungumza hela, bila mimi kutetemeka na bila kumvunjia mtu heshima. Kwa nilivyolelewa, hilo nalithamini kuliko GPA.

Nimekulia Njombe, kwenye baridi na viazi. Wazazi wangu ni wakulima wa viazi mviringo, na kwetu hela haizungumzwi. Aliyekukopa unamsubiri akumbuke mwenyewe, maana ukimdai ni kama umemvua nguo mbele za watu. Mnunuzi akija na Fuso kutoka Dar, mzee anamkaribisha chai, wanaulizana habari za safari na mvua, kisha mzee anauliza: "Safari hii mtatupa ngapi?" Nimelisikia swali hilo kila msimu tangu nikiwa mdogo. Mwenye mali ndiye anayemuuliza mnunuzi bei.

Sasa weka mtoto wa nyumba hiyo katikati ya Dar. CBE ipo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Mnazi Mmoja ipo pale karibu, Kariakoo unafika kwa miguu. Chuo chenyewe kilianzishwa 1965 ili nchi ipate watu wake wa kushika vitabu vya hesabu na kuendesha biashara. Ukitoka darasani kufundishwa namna ya kupanga bei, unavuka barabara mbili unakuta watu wanapanga bei kwa sauti. Naamini kabisa kwamba nusu ya elimu yangu ilikuwa kwenye hiyo njia ya miguu.

Shule yangu ya kwanza ya kuongea hela ilikuwa chumbani. Tulipanga Kigogo wasichana watatu, chumba kimoja, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Vitanda viwili, kwa hiyo wawili walilala mzungu wa nne kwa zamu. Mkiishi hivyo, LUKU ikiisha usiku ndipo mnajuana. Mmoja ana pasi, mwingine anachemsha maji ya kuoga asubuhi na jioni, wa tatu yuko chuoni kutwa nzima, halafu mchango ni sawa kwa sawa. Manung'uniko yalianza chini kwa chini: vyombo vinawekwa kwa kishindo, mtu anajibu salamu nusu. Mwenzetu mmoja, binti wa Tanga ambaye hata akikukatalia kitu unajisikia umeheshimiwa, alichukua karatasi akaibandika nyuma ya mlango. Safu moja tarehe, nyingine nani kanunua umeme na wa shilingi ngapi, nyingine gesi, nyingine maji ya ndoo. Kila Jumapili jioni tukawa tunakaa kitandani kuijumlisha. Ajabu ni kwamba urafiki wetu ulianzia hapo. Kumbe kilichokuwa kinatugombanisha ni kile ambacho hakuna aliyethubutu kukitamka.

Ya pili ilikuwa biashara. Nilianza kuchukua vipochi na mikoba Kariakoo kwa bei ya jumla na kuwauzia wanafunzi wenzangu. Aliyewahi kuuza chuoni anajua kwamba wateja wako wote wanasubiri bumu, yaani fedha ya mkopo wa wanafunzi. "Nipe tu dada, bumu likitoka nakumalizia." Nilinunua kaunta buku, nikaigawa: jina, mzigo, bei, kilicholipwa, kilichobaki, siku ya kulipa, na mwisho mteja anasaini. Sikuwa nafanya hivyo kwa kutowaamini watu. Darasani tulikuwa tumeshafundishwa wadaiwa, jinsi duka linavyoweza kuonyesha faida kwenye vitabu na bado likafa kwa kukosa fedha mkononi. Kilichokuwa kigumu ni ile dakika ya kumgeuzia daftari rafiki yako na kumpa kalamu. Wa kwanza aliniangalia kama nimemtukana. Nikamwambia polepole, "Ukisaini, mimi na wewe hatutakuja kubishana, na mimi sitakuwa nakuangalia kila ukipita." Akasaini. Baadaye yeye ndiye aliyekuwa akiniletea wateja, anawaambia kabisa, "kwa huyu dada unasaini."

Mei 2023 tukiwa mwaka wa kwanza, wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka. Wengi mnakumbuka. Mtaa ambao kupita tu ni kusukumana, ukawa na milango ya chuma iliyoshushwa mwanzo hadi mwisho. Aliyekuwa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, akakutana nao Viwanja vya Mnazi Mmoja, na wafanyabiashara wakapewa kipaza sauti mmoja baada ya mwingine. Walizungumzia kamatakamata, usajili wa stoo, kodi juu ya kodi. Sijui kama wenye siasa zao waliona nilichokiona mimi. Nilikuwa nasikia watu wazima, wengine wa umri wa mama yangu, wakisimama mbele ya kiongozi mkubwa wa nchi na kutaja hela zao kwa namba: nimenunua kwa hiki, nimelipa hiki, nimebaki na hiki. Hakuna aliyewaona hawana adabu. Pale nilielewa kuwa adabu niliyofundishwa nyumbani na namba vinaweza kukaa kwenye sentensi moja.

Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, nitaigusa kidogo tu. Niliifanyia kwenye kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Walituahidi nauli, wiki zikapita kimya, wenzangu wakawa wanalalamika kwenye kona ya kunywea chai. Niliandika barua ya ukurasa mmoja, nikaweka siku tulizofika kazini na jumla yake, nikamkabidhi msimamizi kwa mikono miwili. Nauli ililipwa. Hakuna aliyetununia.

Jambo lenyewe hasa lililonifanya nifungue uzi huu ni Njombe.

CBE kuna kozi ya mizani na vipimo, na yule wa tatu chumbani kwetu alikuwa anasoma hiyo. Kwake kila kitu kina uzito wake na kosa lake. Siku moja nilikuwa namsimulia magunia ya viazi ya kwetu, yanavyojazwa hadi juu, kisha yanaongezwa kipande cha neti na kushonwa, juu pamevimba kama kilemba. Akaacha kula. Akaniuliza, "Mnajua hilo gunia lina kilo ngapi?" Hatukuwa tunajua. Akanieleza habari za lumbesa, yaani huko kujaza gunia kupita kiasi, kwamba kisheria gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wapo mikoani kwa kazi hiyohiyo. Mimi nilikuwa nimemaliza tu somo la uhasibu wa gharama. Tukaangaliana.

Likizo iliyofuata nilikaa na wazazi wangu jikoni, moto unawaka, nikafungua daftari. Sikuanza na lumbesa. Nilianza kwa kumwomba baba anisimulie msimu wake: mbegu alinunua wapi, mbolea mifuko mingapi, dawa ya ukungu alipiga mara ngapi mvua ilipokazana, vibarua wa kupanda, wa kupalilia, wa kuvuna, magunia, uzi wa kushonea. Alikumbuka kila kitu. Mzee ambaye hajawahi kuandika hesabu alikuwa nazo zote kichwani, tena kwa mpangilio. Tulipogawanya kwa kilo tukapata kama shilingi 310. Ndipo nikauliza: na siku zenu ninyi wawili shambani? Mama akacheka, akasema, "Sisi tunajilipa nini na shamba ni letu?" Nikamwambia, mama, yule kibarua anayelima mstari wa pembeni yako analipwa, na wewe unamaliza mstari kabla yake. Tukaweka siku zao kwa bei ya kibarua. Ikafika 390.

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akasema nirudie kuhesabu siku zake, maana nilisahau za kuchagua mbegu.

Baba akaazima mzani kwa jirani anayenunua mahindi. Gunia moja la lumbesa likagonga kilo 140. Mnunuzi wa msimu uliopita alilichukua kwa 70,000. Fanyeni wenyewe hesabu: ni shilingi 500 kwa kilo, wakati kila mtu kijijini anaamini ameuza "gunia" kwa elfu sabini.

Mnunuzi wa kwanza alipokuja, baba alimkaribisha chai kama kawaida. Habari za safari, habari za mvua. Halafu akasema, kwa sauti yake ileile ya upole: "Magunia yangu safari hii ni ya kilo mia. Gunia ni elfu sitini." Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia, mikono ilikuwa inaniuma kwa kulishika. Yule bwana akacheka, akasema mzee umekuwa mjini, akamaliza chai akaondoka bila mzigo. Siku mbili zile nyumbani zilikuwa ndefu. Wa pili alibishana sana, wakashushana hadi 58,000, kwa magunia yaliyopimwa mbele yao wote. Ni shilingi 580 kwa kilo. Baba hakusema lolote kubwa. Aliandika mwenyewe kwenye daftari langu, herufi kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara: jina la mnunuzi, magunia, bei.

Sijawahi kujisikia mwanafunzi wa biashara kama siku ile. Nimefaulu mitihani, nimefanya presentesheni kwa Kiingereza mbele ya ukumbi uliojaa, na vyote hivyo nashukuru. Lakini nikiulizwa nimekua wapi, nitakupeleka kwenye sinia lile mlangoni.

Karibuni tujadiliane. Hasa wenzangu mnaomaliza mwaka huu: ninyi mmekua wapi?

#2

Hongera sana dada. Ila tuseme ukweli, waajiri hawaulizi habari za mlango wala sinia. GPA ngapi? Maana watoto wengi wakikosa GPA ndipo wanakuja na hadithi za kukua.

#3 Mwanzisha uzi

Mkuu, asante. Ni 3.8, daraja la pili la juu. Sina ugomvi na GPA, nimeihangaikia usiku na mchana na inafungua milango. Mwaka ujao naanza mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, nataka nikae Mei, kisha Novemba, nisipumzike hadi CPA, cheti cha mhasibu kamili. Nilichosema ni kwamba kuna mtu mwenye 4.5 ambaye akiulizwa "unataka mshahara kiasi gani" anaangalia chini. Nimesoma nao, ni rafiki zangu, na inaniuma kwa sababu wanastahili zaidi ya wanachoambulia.

#4

Mwanangu, mimi nipo Mtaa wa Kongo miaka mingi, nimeuza vitenge, nimeuza vyombo, sasa nauza mapazia. Nimefurahi kusoma habari za mzee wako. Ila nikuongezee jambo ambalo huko darasani huenda hawakuwaambia. Kwenye biashara, anayetaja bei kwanza mara nyingi ndiye anayefungwa. Mimi mteja akiingia namwacha ashike mzigo, aukunjue, aseme mwenyewe. Kuna watu wamenitajia juu ya bei niliyokuwa nayo moyoni. Kwa hiyo usiwafundishe vijana kwamba kunyamaza ni woga.

#5 Mwanzisha uzi

Shikamoo baba. Maneno yako nimeyasoma mara mbili. Nakubaliana nawe kabisa, na nadhani tofauti ipo hapa: wewe unaponyamaza unajua umenunua kwa ngapi, pango ni ngapi, na chini ya hapo huuzi. Kimya chako kina sakafu. Mzee wangu alipokuwa anauliza "mtatupa ngapi", chini yake hapakuwa na kitu, angeweza kupewa hata 300 akashukuru. Sasa hivi akiamua kunyamaza amsikilize mnunuzi, sina wasiwasi, maana 390 anaijua. Nitampigia leo nimsomee ulichoandika, atakipenda.

#6

Mimi nipo Makambako, kilio cha lumbesa nakijua. Dada, hapo kwenu mlikuwa na bahati mnunuzi wa pili akakubali. Sisi huku ukisema kilo mia, dalali anahamia kwa jirani ambaye anajaza hadi kilemba. Unabaki na viazi vinaota. Mtu mmoja afanye nini?

#7 Mwanzisha uzi

Kaka, umegusa penyewe. Mtu mmoja hatoboi muda mrefu, hilo nimeliona. Msimu uliofuata majirani walikuja kuuliza tulifanyaje, na baba alichosema ni kwamba mzani utakaa kwao na yeyote apime bure. Kaya kadhaa za mtaa wetu zikakubaliana kutojaza kupita mia. Sio wote. Wapo waliokuwa na ada ya mtoto ya kulipa wiki ileile, hao huwezi kuwalaumu, mnunuzi anajua fika nani ana shida na anaanzia kwake. Ndiyo maana naamini vyama vya ushirika vya mazao na vituo vya kupimia vina maana kuliko tamko la kila mwaka la kukataza lumbesa. Sheria ipo tayari. Kinachokosekana ni mzani pale shambani na majirani wenye msimamo mmoja kwa wiki mbili za mavuno. Nenda ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa, waulize namna ya kuhakikiwa mzani wenu, maana dalali akibishia uzito muwe na muhuri wa kumwonyesha.

#8

Dada mimi naingia mwaka wa kwanza, nimepata mkopo. Nyumbani wameshaanza kuniambia bumu likitoka niwasaidie. Nawapenda sana wazazi wangu ila naogopa. Wewe ulifanyaje?

#9 Mwanzisha uzi

Mdogo wangu, hongera kwa kupata. Usiwakatalie kwa simu na usinyamaze. Waandikie matumizi yako. Fedha ya kujikimu ni shilingi 10,000 kwa siku tangu 2022/23, ilikuwa 8,500. Toa kodi, nauli, chakula, kutoa kopi, bando. Mimi nilimsomea mama mstari kwa mstari, nikamwambia kinachobaki ni hiki, na katika hiki naweza kumtumia mdogo wetu kiasi fulani kila muhula, zaidi ya hapo nitalala njaa. Mama alilia kidogo kwa kusikia ninachokula. Tangu siku ile hakuniomba tena, na mimi kile nilichoahidi sikukikosesha. Wazazi wengi wanadhani bumu ni mshahara kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa nao akawaonyesha. Waambie pia kuwa ni deni, linarudishwa.

#10

Hapo kwenye deni ndipo pa moto. Mnamaliza na mamilioni ya Bodi ya Mikopo shingoni, kazi hakuna, halafu mkipata makato yanaanza. Kukua gani huko?

#11 Mwanzisha uzi

Mkuu, uchungu wako nauelewa, na kaka yangu mkubwa yumo humohumo. Lakini deni lenye namba naweza kulipangia. Ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, iliyokuwa inafanya deni lisishuke hata ukilipa, iliondolewa 2021, na waliokopa zamani wanajua ilivyowatesa.

Nimekaa nikapiga hesabu ya mshahara wa 800,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 ni 80,000. PAYE, kodi ya mshahara, inakatwa kwenye 720,000 iliyobaki, inakuja 60,000. Bodi ya Mikopo 120,000. Mkononi inabaki 540,000. Hapo toa chumba, nauli ya mwendokasi kila siku ya kazi, chakula, na ada za NBAA ambazo hazisubiri mtu.

Kwa hiyo kwenye maombi niliyotuma juzi kulikuwa na sehemu ya kujaza mshahara unaoutarajia. Wenzangu wengi wanaandika "maelewano". Mimi nimeandika 800,000, na nimeambatanisha nilichofanya kwenye fildi, maana nilisaidia kulinganisha ankara za mizigo na malipo ya bandari na kuna tofauti niliziibua. Wenye uzoefu na kampuni za kutoa na kusafirisha mizigo, naomba mniambie: kwa mhasibu anayeanza, hiyo namba iko juu, iko chini, au iko palepale? Usaili ni wiki ijayo.